Adapta ya Wi-Fi kwa Linux: Nunua Chipu, si Boksi

Ukiulizia adapta ya Wi-Fi ya USB kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, utaulizwa unataka ya kasi gani, yenye antena au isiyo nayo. Kwa mtu wa Windows hayo yanatosha. Mtu wa Linux ana swali linalotangulia: ndani mna chipu gani?

Chukua TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na Atheros AR9271, chipu ambayo Linux inaifahamu tangu 2010; unachomeka, unaunganisha. Haina 5 GHz, lakini haisumbui. Matoleo ya pili na ya tatu yana Realtek RTL8188EUS, kitu kingine kabisa chini ya jina lile lile. Sifa unazozisikia mara nyingi ni za lile la kwanza, na dukani ni nadra kulikuta. Namba ya toleo iko kwenye kibandiko, kwa herufi ndogo.

Vile vidude vidogo vya bei ya chini kabisa aghalabu ni Realtek pia. Si vibaya vyote. RTL8821CU na RTL8812BU zimo ndani ya kerneli kuanzia 6.2, ya 2023, hivyo mwenye Ubuntu 24.04 ana nafasi nzuri. Debian 12 imekuja na kerneli 6.1, na hapo ndipo gharama isiyoandikwa kwenye boksi inapojitokeza: utafute draiva GitHub, upakue vifaa vya kuijenga, uweke DKMS ili kerneli ikibadilika draiva ijengwe upya, na kama Secure Boot imewashwa, uitie saini. Yote hayo kwa bando, kwenye mashine ambayo bado haina intaneti! RTL8812AU ilisubiri hadi kerneli 6.14, mwaka 2025. Nyingine zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye draiva ya Windows, mpaka usb_modeswitch izigeuze.

MediaTek ni ghali zaidi, na mara nyingi utalazimika kuagiza. MT7612U, iliyomo kwenye Alfa AWUS036ACM, inatambulika tangu kerneli 4.19. MT7921AU, ya Wi-Fi 6E, tangu 5.18. Huhitaji kujenga chochote. Kwa kompyuta ya kazi utakayokaa nayo miaka, naona bei hiyo ni halali.

Kabla ya kutoa hata senti, chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona kama kadi ya mtandao. Simu nyingi zikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani hupitisha hiyo hiyo, bando halikatwi. Kwa laptopu inayofunguka, kadi ya ndani ya Intel AX210 nayo ni chaguo zuri, ila baadhi ya mashine za zamani hukataa kadi zisizo kwenye orodha ya mtengenezaji.

Basi nenda na laptopu yako dukani. Chomeka, andika lsusb: 0bda ni Realtek, 0e8d ni MediaTek, ukiona namba nyingine, itafute kwanza mtandaoni. Kisha jaribu kuunganisha na hotspoti ya simu yako papo hapo. Muuzaji akikataa ujaribu, usinunue kwake.