KIKOMBE, BAKULI NA DUMU LA MAJI MBELE YA KAMERA

Miongoni mwa watu waliopata kuvaa sare na kubeba kamera, hapana budi kumtaja kwanza Edward Steichen. Mtu huyu alizaliwa Luxembourg mwaka 1879, akalelewa Marekani, na alikuwa mchoraji na mpigapicha mwenye sifa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 alijiunga na jeshi, akapelekwa Ufaransa, na huko akashiriki kuunda na kuongoza idara ya picha za angani ya kikosi cha ndege. Alitoka vitani na cheo cha Luteni Kanali. Kisha akarudi katika nyumba yake ya zamani kijijini Voulangis, mashariki ya Paris, akachukua kikombe cheupe na kisahani chake, akaviweka mbele ya rangi zilizopangwa hatua kwa hatua kutoka nyeupe, kupitia kijivu cha kila aina, hadi mahameli nyeusi, na akavipiga picha. Akavipiga tena, na tena. Inaelezwa kwamba alivipiga zaidi ya mara elfu moja.

Luteni Kanali mzima na kikombe cha chai! Askari wa kawaida angeuliza kama bwana huyu hakupigwa na kishindo cha mizinga. Lakini tuitazame kazi aliyokuwa ametoka kuifanya. Picha iliyopigwa kutoka ndani ya ndege ni karatasi yenye madoa ya kijivu. Handaki, waya wa miiba, njia ya miguu na mzinga uliofunikwa kwa wavu, vyote hutambulikana kwa tofauti ndogo baina ya kijivu hiki na kijivu kile. Paa la nyumba likitazamwa kutoka juu halina kimo. Kimo chake huelezwa na kivuli kilicholala kando yake. Wavu waweza kuuficha mzinga, lakini hauifichi njia iliyokanyagwa na watu wanaouhudumia kila siku. Steichen, ambaye zamani alipenda picha laini zenye ukungu, alijifunza jeshini kwamba ukungu ni adui. Kikombe kilikuwa shabaha yake ya mazoezi, naye alitaka kuijua rangi nyeupe kama vile mpiga bunduki ajuavyo kituo cha risasi yake. Katika kipindi hicho hicho alizikusanya picha zake za rangi alizochora kwa mkono, akazichoma moto bustanini. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1963, chaeleza pia majonzi ambayo vita vilimwachia. Kwa hiyo tusidhani kwamba kikombe kile kilikuwa somo la ufundi peke yake.

Picha za namna hii huitwa picha za dhahania. Maana yake ni picha ambayo haikusudii kumwambia mtazamaji, "Hiki ni kikombe," bali inamwonyesha mviringo, ukingo, mwanga na giza, na kumwacha na hivyo. Mwingine aliyezianzisha ni Mmarekani Paul Strand. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, alikaa kipindi cha joto huko Twin Lakes katika jimbo la Connecticut. Alichukua mabakuli manne ya jikoni, ya kawaida kabisa, akayapanga karibu karibu, akaisogeza kamera hata kingo za mabakuli zikakatwa na mpaka wa picha. Kilichobaki ni mapinde yanayopishana, mengine meupe na mengine yamezama katika kivuli. Katika kiangazi hicho hicho aliipiga meza ya barazani huku vivuli vya nguzo za ukingo vikipita juu yake kama mistari ya kitambaa. Picha hizo zilichapishwa mwaka 1917 katika toleo la mwisho la jarida la New York liitwalo Camera Work. Mwaka uliofuata Strand naye aliingia jeshini, akawekwa katika idara ya tiba kupiga picha za eksirei. Miaka mingi baadaye, mwaka 1963 na 1964, alikuja Ghana kwa mwaliko wa Rais Kwame Nkrumah na akapiga picha za nchi ile na watu wake, zilizotolewa kuwa kitabu mwaka 1976.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni starehe ya watu wenye nafasi, na kwamba askari aliyelala saa nne baada ya lindo hana haja ya kupiga picha sufuria. Hoja hiyo tunaiheshimu, na tunaongeza kwamba picha nyingi za dhahania ni mbovu. Mtu hulisogelea zulia hata lisionekane, akasema amefanya sanaa. Hata hivyo twaona kwamba zoezi lenyewe lina faida kwa watu wa kazi yetu kuliko kwa watu wengine wengi, na sababu yake ni hii.

Jicho la binadamu ni jivivu. Likiona kitu linachokijua, hukipa jina na kupita. Tumekiona kikombe mara ngapi? Lakini ni nani awezaye, bila kukitazama, kutuambia kivuli cha mkono wa kikombe huangukia wapi saa mbili asubuhi, au kama ukingo wake una mng'ao mmoja au miwili? Polisi anayechukua maelezo ya mashahidi anaujua ugonjwa huu. Shahidi husema, "Niliona gari jeupe," naye hakuona gari jeupe. Aliona gari la rangi hafifu chini ya taa ya njano, akili ikamalizia. Mlinzi wa zamu huandika katika kitabu kwamba "hali ni shwari" kwa sababu lango lipo, ua upo na taa ipo. Lile asiloliona ni kwamba mchanga wa chini ya ua umebadilika rangi kwa kuwa umetoka kufukuliwa. Anayepiga picha ya dhahania hulazimika kuliweka jina kando, akauliza: hapa pana umbo gani, mwanga unatoka upande upi, na mbona pale pana giza?

André Kertész alilifahamu jambo hili vizuri. Alizaliwa Budapest mwaka 1894, akatumikia katika jeshi la Austria na Hungaria, akawa na kamera hata vitani, na mwaka 1915 akajeruhiwa. Mwaka 1928, akiwa Paris, alipiga picha ya uma. Uma mmoja tu, umeegemea ukingo wa sahani juu ya meza, pamoja na kivuli chake. Picha hiyo imezunguka ulimwengu. Ukiitazama kwa utulivu utaona kwamba kivuli kinaeleza sura ya uma kuliko uma wenyewe unavyoeleza, jambo ambalo Steichen angelitambua mara moja kutokana na picha zake za angani.

Sisi huku hatuna haja ya kuagiza vyombo kutoka ng'ambo. Tunalo dumu la maji la lita 20, lile la plastiki ya njano, ambalo halikosekani katika nyumba za askari. Chombo hiki ni mwanajeshi kwa ukoo. Wajerumani walilisanifu dumu la chuma kabla ya Vita Kuu ya Pili. Waingereza walipoliteka wakaliiga, na jina la jerikeni likatokana na lile walilowaita Wajerumani kwa dhihaka. Dumu la chuma lina mishiko mitatu sambamba, ili mtu mmoja aweze kubeba madumu mawili matupu kwa mkono mmoja, na watu wawili waweze kusaidiana dumu moja lililojaa. Mikunjo iliyogandamizwa ubavuni ni ya kulitia nguvu bati, nayo ndiyo humpa mpigapicha mistari ya kuchezea. Lile la plastiki lina jambo jingine: jua likiwa nyuma yake, hung'aa kama taa, na usawa wa maji huonekana kwa ndani kama mstari wa giza. Ondoa mfuniko na mshiko katika picha, ubakize mstari huo peke yake na rangi ya njano juu yake, na mtazamaji atadhani ni machweo ziwani.

Kuhusu mwanga, nchi zetu za Ikweta zina masharti yake. Saa sita mchana jua limesimama utosini na kivuli kimejikunja chini ya kitu. Picha hutoka bapa. Saa za kazi hii ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi machweo, mwanga unapopenya ubavuni. Polisi wa upelelezi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: wayo wa kiatu ukimulikwa kutoka juu hupotea, lakini tochi ikilazwa karibu na ardhi kila mchoro wa soli hujitokeza. Mwiko, chujio la chai, mkeka na pasi ya makaa vyote hufuata kanuni hiyo hiyo. Kamera ya simu yatosha. Usiwashe taa yake, kwa maana huua vivuli vyote kwa mara moja.

Jambo moja la usalama hatuna budi kulisema wazi. Kikombe kilichowekwa dirishani kina dirisha nyuma yake, na nyuma ya dirisha pengine pana karakana au uwanja wa magari. Mwishoni mwa mwaka 1943, ofisa wa kike wa Uingereza aitwaye Constance Babington Smith, aliyekuwa akisoma picha za angani huko Medmenham, alitambua katika picha ya Peenemünde kidude kidogo mno kilichokaa juu ya reli ya kurushia. Kilikuwa bomu la V-1, silaha ya siri ya Wajerumani. Wataalamu wa namna hiyo hawakwisha duniani. Isitoshe, simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo huduma hiyo izimwe kabla ya kazi, na kitambaa cheusi au blanketi litundikwe nyuma ya chombo. Steichen alitumia mahameli. Blanketi la kambi, likiwa limekunjwa vizuri, hutoa weusi wa kutosha, ila sufi yake huacha nyuzi nyeupe ambazo yafaa kuzitoa kwa mkono kabla ya kupiga.