Almasi ya Kale kwa Picha ya Simu

Fungua simu ukiwa Kwa Mrombo, Arusha, ukisubiri nyama iive, na pete ya almasi inayodaiwa kutengenezwa London mwaka 1890 itakujia ikimetameta juu ya kitambaa cheusi. Bei imeshushwa nusu. Muuzaji anataka hela leo, maana "kuna mteja mwingine".

Arusha ingekuwa ya mwisho kudanganyika kwa picha ya jiwe. Tangu tanzanaiti igunduliwe Mirerani mwaka 1967, mabroka wa mji huu hawanunui kwa kusimuliwa: jiwe linawekwa kiganjani, linageuzwa, linamulikwa tochi, ndipo watu wanaanza kubishana bei. Ila likitajwa neno "kale", umakini wote huo hulegea. Tunadhani kitu kilichoishi miaka mingi hakiwezi kuwa feki.

Jiwe lenyewe halisemi umri wa pete. Kinachosema ni mkato wake na dhahabu inayolishika. Almasi za zamani zilikatwa kwa jicho la fundi: ziko juu kidogo, uso wake mdogo, na ukizitazama kutoka juu mara nyingi unaona kiduara katikati, pale ncha ya chini iliposawazishwa. Hesabu za Marcel Tolkowsky za mkato wa mviringo wa kisasa zilichapishwa mwaka 1919. Kwa hiyo omba picha ya ubavuni, iliyopigwa kwa mwanga wa dirishani. Hata hivyo, siku hizi almasi za maabara nazo hukatwa kizamani makusudi, na kile kipimo cha kalamu kinachopima joto hudanganywa na moissanite, jiwe linaloiga almasi, kama kawaida.

Dhahabu husema zaidi. Uingereza ilitambua dhahabu ya karati 15, yenye alama .625, kuanzia 1854 hadi 1932. Ukiiona alama hiyo, na mhuri ni halali, umepata mipaka ya umri wa pete, ingawa jiwe linaweza kuwa limebadilishwa juzi. Na anayekuonyesha "cheti halisi" cha GIA, taasisi ya vito ya Marekani, cha mwaka 1920 muage: taasisi hiyo ilianzishwa 1931, na ripoti zake za almasi zilianza miaka ya 1950. Cheti kipya si kosa, namba yake inahakikiwa kwenye tovuti yao. Ila kinaeleza jiwe, hakielezi pete ilivaliwa na nani.

Hapo ndipo bei ya vitu vya kale hujificha, kwenye njia vilikopita. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. Dk. John Williamson, mwenye mgodi, alimpa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6 (zaidi ya nusu ikaishia kwenye vumbi la fundi!), na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Kila hatua ina tarehe na mwenyewe. Pete ya kwenye simu ina hadithi ya bibi asiye na jina.

Kuna pia gharama ambayo tangazo haliitaji. Kifurushi kikifika nchini kinadaiwa ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani, usafiri, bima na ushuru huo. Wapo wauzaji wanaojitolea kuandika thamani ndogo "kukusaidia". Huo ni udanganyifu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na kifurushi kikipotea bima inalipa kile kilichoandikwa.

Mimi ningelipa bei ya jiwe na dhahabu tu, umri ningeulipia ukishathibitishwa. Kabla ya kutuma senti, mwambie muuzaji apeleke pete kwenye maabara huru mnayokubaliana wote wawili, na hela ishikwe na kampuni ya malipo hadi majibu yatoke. Anayejua alichonacho hukubali. Ada ya maabara atataka uilipe wewe, na hapo ana haki.