Breki za Nyuma Zinazokamata Zenyewe: Kwa Wenye Magari ya Zamani

Ndugu wakazi wa Rubavu, barabara itokayo Musanze huteremka kwa muda mrefu hadi kufikia Ziwa Kivu, ambalo liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Breki iliyokwisha kupata moto kabla ya mteremko haina akiba tena. Ngoma hupanuka, msuguano hupungua, na mafuta ya breki yakichemka pedali huzama bila gari kusimama. Na huko chini ndiko waliko wafanyabiashara waendao Petite Barrière kwa miguu.

Volkswagen Beetle na Toyota Corolla za zamani hutumia breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma. Zikikamata pasipo kukanyagwa, gari huwa zito, hunywa petroli zaidi, na gurudumu moja hutoa harufu ya kuungua. Baada ya mwendo mfupi katika tambarare, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kupita wenzake ndilo lenye kasoro.

Uchunguzi hufanyika mahali tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, kwa kuwa handibreki lazima iachiliwe, kisha inua nyuma kwa jeki na kuweka stendi imara. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama, legeza kwanza waya wa handibreki. Likiwa huru, waya umekazwa mno au umeshika kutu ndani ya ala yake.

Lisipofunguka, fundi afungue kidogo skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limenaswa. Mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani: hupitisha mafuta pedali ikikanyagwa, huyazuia kurudi. Magurudumu yote mawili yakikamata pamoja, tazama pia kama pedali ina nafasi kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Ikikosekana, silinda kuu haiwezi kuachia. Tunasisitiza jambo moja: oili ya injini isitiwe kamwe katika chombo cha mafuta ya breki, kwa maana huvimbisha mipira yote.

Gurudumu likibaki limekwama hata skrubu ikifunguliwa, kasoro imo ndani ya ngoma: springi zilizochoka, pistoni yenye kutu, au breki shuu zilizorekebishwa kupita kiasi. Gari lililolazwa miezi mingi na handibreki juu huweza kugandisha shuu kwenye ngoma. Vumbi la humo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa, kwani bitana za kale zilitengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Shuu na springi zibadilishwe pande zote mbili, hata kama upande mmoja ndio ulioharibika, la sivyo gari litavuta upande mmoja linapofunga breki.

Gari lililo katika hali hii lisishushwe mjini kabla ya kutengenezwa. Likikuharibikia njiani, liondoe barabarani kadiri uwezavyo na upige 113.