Ishara, Alama na Taashira: Ngamia katika Chapa ya Rembrandt

Mfasiri mmoja aliyekuwa akiandaa maelezo ya picha kwa ajili ya kitabu cha shule aliniuliza amwiteje ngamia. Picha yenyewe ni kazi ya Rembrandt, msanii wa Uholanzi wa zama za Baroki, ya mwaka 1648 hivi, nayo hujulikana kama Chapa ya Gulda Mia. Yesu amesimama katikati. Kushoto kwa mtazamaji Mafarisayo wanabishana. Kulia wagonjwa wanamjia kutoka gizani. Na nyuma yao, penye tao la lango, yuko ngamia. Mfasiri aliandika “ishara”, kisha akasita. Alikuwa na haki ya kusita.

Kwanza, jina la kazi yenyewe. “Mchoro” pekee halitoshi. Msanii hupaka bamba la shaba nta, akaikwaruza kwa sindano. Asidi ikala shaba palipokwaruzwa. Vijifereji vikajazwa wino, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. “Nakshi” nalo hutukumbusha milango ya mwambao na patasi ya seremala. Napendelea “chapa ya asidi”, ingawa katika bamba hili Rembrandt alitumia pia sindano kavu na kalamu ya chuma ya kuchongea.

Sasa turudi kwa ngamia. Chapa hii imekusanya mambo kadhaa ya Mathayo sura ya 19, yakaonekana kana kwamba yametukia kwa saa moja: akina mama wanaleta watoto, Mafarisayo wanahoji, kijana tajiri ameketi akiwaza. Lakini ngamia wa sura hiyo hakuwapo mahali pale. Alitajwa tu, katika maneno juu ya tundu la sindano. Kwa macho ni mnyama wa msafara. Kwa aijuaye sura hiyo ni neno lililopata mwili.

“Ishara” litampotosha msomaji, kwa kuwa katika Biblia ya Kiswahili, hasa Injili ya Yohana, ishara ni muujiza, na picha hii imejaa watu wanaongojea kuponywa. “Alama” yafaa kwa kitu cha kutambulisha, mathalani funguo za Petro. (Hapa Petro hana funguo, hutambulika kwa kumzuia mama mwenye mtoto.) “Mfano” ni hadithi yenye mafundisho. Linalobaki ni “taashira”: kitu kinachoendelea kuwa chenyewe huku kikibeba maana nyingine. “Ishara” tuliweke kwa kijana tajiri, aliyefunika kinywa kwa mkono. Hiyo kweli ni ishara.

Jozi nyingine ya kuangalia ni “nuru” na “mwanga”. Miale iliyozunguka kichwa cha Yesu ni nuru, wala hakuna taa inayoieleza. Lakini kivuli cha mikono ya mwanamke anayesihi kimeangukia vazi la Yesu, na kivuli hicho ni kazi ya mwanga wa kawaida. Mfasiri akiandika “nuru” kotekote, dua ile iliyogusa vazi bila mkono kuligusa itampita msomaji.

Maelezo yaliporudi kwangu yalisomeka: “ngamia, taashira ya utajiri.” Nikafuta neno la mwisho. Tajiri ni yule kijana; ngamia ni ugumu wa tajiri kuingia katika Ufalme, na “ugumu” ndilo neno nililoliandika.