Chokaa, Merikani na Bafta

Magofu ya Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga, leo yana rangi ya kijivu na yameota kuvu. Yalipokuwa mapya, karne ya 14 na ya 15, msikiti na makaburi yake zaidi ya 40 yalikuwa na lipu nyeupe ya chokaa. Mabaharia wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498, jambo moja walilolieleza ni nyumba ndefu zilizopakwa chokaa. 

Weupe huo ulikuwa na gharama. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yaliyowekwa duara, yakachomwa mpaka yakawa chokaa isiyozimwa, ambayo ikiguswa na maji huchemka. Baada ya kuzimwa iliachwa ikomae, mara nyingi kwa miezi. Ikishapakwa, hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kuwa jiwe upya, ndiyo maana lipu ya zamani ni ngumu kiasi kile. Kazi hiyo ilihitaji kuni, mikono na muda, na mwenye vyote vitatu alikuwa tajiri. Wengine waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Chokaa hiyohiyo iliingia kwenye tambuu na popoo, na ikichanganywa na mafuta iliwapa mafundi deheni ya kupaka chini ya majahazi.

Kwenye nguo, maana ya weupe ilikuwa ngumu zaidi.

Baada ya Sayyid Said wa Zanzibar kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kwa wingi kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Pwani ikakiita merikani. Kilikuwa cheupe kidogo tu, chenye umanjano na ukakasi, lakini kilidumu. Misafara ya Pangani ilikibeba hadi Kilimanjaro na Umasaini kubadilishana na pembe za ndovu. Mabaharia walikishona matanga. Na watumwa walivishwa hicho.

Hapo ndipo anayedhani kwamba nyeupe ilikuwa rangi ya heshima tu anapokwama. Mwungwana aliyekwenda msikitini Ijumaa alivaa nyeupe, na mtumwa aliyembebea mzigo alivaa nyeupe. Tofauti ilikuwa katika upaushaji na matunzo: kanzu ilipaushwa, ikadariziwa shingoni, ikafuliwa, ikatiwa kanji. Ufuaji wenyewe una hila yake. Pamba huelekea umanjano kadiri inavyozeeka, basi dobi hutia buluu kidogo kwenye maji, umanjano ukafichika na jicho likaona weupe mkali. Kichwani, mwungwana alivaa kofia, jambo ambalo mtumwa Zanzibar hakuruhusiwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha merikani tupu. Waliitia rangi nyeusi au ya nili ikawa kaniki, kisha wakahamia kanga. Rangi ndiyo iliyotangaza kwamba mtu yuko huru.

Bibi harusi wa pwani naye hakuhitaji gauni jeupe. Alikuwa na kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kwa pamoja. Gauni la leo limetoka Ulaya, ambako harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 ndiyo iliyolipa umaarufu. Nyeupe ilikuwa na mahali pake kwingine: katika ngoma za pepo, pepo aitwaye rohani ndiye huvalishwa nyeupe na kunyunyiziwa marashi.

Mahali pekee ambapo daraja zilifutika ni kwenye sanda. Mwanamume huvikwa vipande vitatu, mwanamke vitano, kwa kawaida vya bafta, kitambaa cheupe cha pamba, isiyo na darizi, hata kama marehemu alikuwa na kanzu kumi sandukuni.

Tukirudi kwenye kuta, zile za zamani za mawe sasa zinapigwa saruji na rangi za plastiki. Zinang'aa msimu mmoja, kisha unyevunyevu wenye chumvi unanaswa ndani, lipu inavimba na kumeguka. Chokaa huuacha ukuta upumue. Kuchoma matumbawe, hata hivyo, kumeumiza miamba ya bahari vya kutosha, na tangu 2009 sehemu ya pwani hii iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Fundi anayetaka chokaa safi ana njia nyingine nchi kavu: Tanga imejaa mawe ya chokaa, yaleyale yaliyochimbwa na maji yakawa mapango ya Amboni.