Kasulu, Kibondo na Kipimo cha Uchaguzi

Wilaya za Kasulu na Kibondo, zilizoko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zinapakana na Burundi, na wenyeji wake, Waha, husema Kiha, lugha iliyo karibu na Kirundi kiasi kwamba watu wa pande mbili za mpaka huelewana bila mkalimani. Kwa sababu hiyo historia ya uchaguzi katika wilaya hizi haielezeki kwa matokeo ya Tanzania peke yake, maana uchaguzi ulioharibika Burundi huhesabiwa mara ya pili huku, kwa idadi ya watu wanaovuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na mizigo kichwani. Ukilinganishwa mwongo mmoja na mwingine, uchaguzi wa nchi hizi mbili unatoa kipimo kimoja kilicho wazi: ubora wa uchaguzi huonekana katika hali ya aliyeshindwa, yaani kama analala nyumbani kwake baada ya matokeo, akiwa salama na akiwa na tumaini la kugombea tena.

Mwaka 1965 nchi zote mbili zilipiga kura. Tanzania ilikuwa imekwisha kuingia katika mfumo wa chama kimoja, ambao katika kila jimbo uliruhusu wagombea wawili wa chama hicho, TANU, kushindana, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mfumo huo ulimnyima mwananchi nafasi ya kukikataa chama, lakini haukumnyima nafasi ya kumkataa mkubwa, kwani Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa ubunge mwaka huo na nchi ikaendelea kwa amani. Burundi, kwa upande wake, ilifanya uchaguzi mwezi Mei ambapo Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge, lakini Mwami Mwambutsa wa Nne akamteua Léopold Biha, mtu wa ukoo wa kifalme, kuwa Waziri Mkuu. Jaribio la mapinduzi la Oktoba lililofuata lilizimwa kwa kuuawa kwa viongozi wengi wa Kihutu, na Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme wenyewe. Kura ilipokwisha kupoteza maana, bunduki ikachukua nafasi yake, na mauaji makubwa ya mwaka 1972 yakawaleta Tanzania wakimbizi waliopewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Miaka ya 1990 mfumo wa vyama vingi, yaani ule unaoruhusu vyama kushindana kisheria, ulirudi katika nchi zote mbili. Burundi ilitangulia kupiga kura, na tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alimshinda Rais aliyekuwa madarakani, Pierre Buyoya, kwa karibu theluthi mbili ya kura, na Buyoya akamkabidhi ofisi mwezi Julai. Makabidhiano hayo yaliyosifiwa yalidumu kwa miezi mitatu tu, kwa sababu sehemu ya jeshi haikuyakubali, na tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua Ndadaye. Mamia ya maelfu ya watu waliikimbia nchi, na katika miaka iliyofuata kambi kama Mtabila na Muyovosi za Kasulu, pamoja na Kanembwa na Nduta za Kibondo, zikawa makao yao.

Vita vilivyofuata mauaji hayo vilihitaji mazungumzo marefu, yaliyosimamiwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na, baada ya kifo chake mwaka 1999, na Nelson Mandela, hadi Mkataba wa Arusha ulipotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba huo uligawa nafasi za Serikali na jeshi ili kundi litakaloshindwa katika kura lisijione limepoteza kila kitu, na uchaguzi wa mwaka 2005 ulipofanyika kwa msingi huo, wakimbizi wengi walirudi kwao, na Mtabila ikafungwa mwaka 2012.

Wakati huohuo wapiga kura wa nyanda za juu walikuwa wanaijaribu kura yao wenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 chama cha NCCR-Mageuzi kilipata viti vinne vya majimbo nchi nzima, vyote katika Mkoa wa Kigoma, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, jimbo la Kibondo. Miaka mitano baadaye wananchi walewale wakavirudisha vyote vitatu kwa chama tawala, CCM, na katika mageuzi yote mawili hakuna kijiji kilichohama kwa sababu mgombea wake ameanguka.

Mwaka huohuo wa 2015 Burundi ilirudi kwenye shimo lake la zamani, baada ya chama tawala, CNDD-FDD, kumteua Rais Pierre Nkurunziza tarehe 25 Aprili kugombea muhula wa tatu, ambao wapinzani walisema unavunja Mkataba wa Arusha. Maandamano, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei na msako uliofuata viliwasukuma watu kuvuka tena. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ikafurika, na Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba.

Kipimo hichohicho kinafaa hata mbali na mpaka huu. Uingereza nayo imepita katika migogoro ya kisiasa, lakini Serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan iliposhindwa bungeni kwa kura moja tu, 311 kwa 310, tarehe 28 Machi 1979, mgogoro huo uliishia kwenye uchaguzi wa Mei, na aliyeshindwa akawa kiongozi wa upinzani. Wala Tanzania haina sababu ya kujiona imekingwa, kwa maana Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji wa Zanzibar waliopinga matokeo ya mwaka 2000, Watanzania wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje ya kinyang'anyiro, uliandamana na vurugu, vifo na kuzimwa kwa intaneti.

Tofauti ya nchi na nchi, kwa hiyo, haitokani na kabila wala tabia ya watu, kwa kuwa Mha na Mrundi wanasema karibu lugha moja na wamefikia hatima tofauti. Inatokana na kanuni zinazomlinda aliyeshindwa na uaminifu wa wenye nguvu katika kuzifuata. Kila anayetangaza matokeo, na kila anayeyashangilia, anapaswa kuuliza kwanza mshindwa yuko wapi usiku huo, kwa sababu Kasulu na Kibondo zimekwisha kuona jibu lake linavyokuwa pale swali hilo linaposahaulika.