Nani atakuwa Barnaba wa mwaka wa kwanza?

Huu ni msimu ambao vyuo vikuu vyetu vinapokea wanafunzi wapya. Ukipita stendi ya mabasi alfajiri utawaona: sanduku jipya, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo yenye vyombo ndani, na bahasha ya vyeti iliyokumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga. Makanisani nako tumewaita mbele, tumewaombea, tumewachangia nauli, na mzee wa kanisa amewausia wasimwache Mungu wao huko waendako.

Yote hayo ni mema. Lakini basi likishaondoka, kuna swali ambalo mara nyingi hatuulizi: huko waendako, nani anawapokea?

Utaniambia chuo kinawapokea. Ni kweli. Kuna siku za utambulisho, kuna dirisha la usajili, kuna kitambulisho chenye picha na namba. Lakini kusajiliwa ni jambo moja na kupokelewa ni jambo jingine. Kijana anaweza kuwa na namba ya usajili, akalala bweni lenye mamia ya wenzake, akaketi katika ukumbi wa mihadhara uliojaa hadi mlangoni, na bado moyoni akajiona kama mtu aliyeingia kwa makosa.

Sauli mlangoni

Katika Matendo ya Mitume 9:26-28 tunasoma habari za Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka. Alijaribu kujiunga na wanafunzi, lakini wote walimwogopa, hawakusadiki kwamba naye ni mwenzao. Imani alikuwa nayo. Wito alikuwa nao. Elimu alikuwa nayo ya kutosha. Alichokosa ni mtu wa ndani wa kumshika mkono.

Ndipo akatokea Barnaba. Akamchukua, akampeleka kwa mitume, akawasimulia yaliyompata njiani. Baada ya hapo Sauli akawa mtu wa kuingia na kutoka pamoja nao mjini.

Tuangalie alichofanya Barnaba. Hakumwandalia Sauli semina. Alitumia nafasi yake ya kuwa ndani kumwingiza aliyekuwa nje. Na tukumbuke Barnaba mwenyewe hakuwa mzaliwa wa pale. Jina lake la kwanza ni Yusufu, Mlawi wa Kipro, na mitume ndio waliompa jina la Barnaba, maana yake mwana wa faraja (Mdo 4:36). Huenda mtu aliyetoka ng'ambo anajua upesi zaidi sura ya mgeni asiye na mwenyeji.

Maswali yasiyo na dirisha

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana maswali ambayo hayana ofisi, na mengine anaona aibu kuyapeleka ofisini. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, zile ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, zikichelewa anakula nini? Zikija, azigawanyeje zifike awamu ijayo? Madesa ya somo hili yako kwa nani? Akipata sapu katika mtihani wa kwanza, ndiyo mwisho wa safari?

Lipo pia suala la lugha. Wengi wa vijana wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakavushwa kwenye Kiingereza sekondari, na sasa wameketi kwenye semina ambako kila mmoja anatakiwa kusema. Kijana ana hoja, lakini anaogopa kuchekwa, basi ananyamaza. Mwalimu anaweza kudhani hajasoma. Mwenyewe anaanza kudhani hana akili. Hapo ndipo mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza katika shule yao ya kata anapoanza kukaa chumbani, kukwepa vipindi, na kujibu simu ya mama kwa neno moja tu: "Niko salama."

Majibu ya maswali haya yako kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aliyapata kwa shida, miezi kumi na miwili tu iliyopita, na bado yanamuuma. Mhadhiri ameshayasahau. Mzazi, hasa yule ambaye hajawahi kukanyaga chuo, hakuwahi kuyajua. Ndiyo maana neno la mtu wa rika lake, aliyetangulia hatua moja tu, lina uzito ambao nasaha za wakubwa hazina.

Wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana neno lao: kubebana. Vyumba vilipokuwa haba, aliyepata kitanda alimkaribisha mwenzake aliyekosa, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Hali hiyo si ya kujivunia. Ni dalili ya uhaba, na hosteli zenye nafasi za wanafunzi 3,840 zilipofunguliwa pale mwaka 2017 zilileta nafuu kubwa. Lakini neno lenyewe lina mahubiri ndani yake. Aliyembeba mwenzake hakuwa na ziada. Alikuwa na kitanda kimoja chembamba, akasogea. Mtume Paulo anapowaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo (Gal 6:2), haandiki kwa watu wasio na mizigo yao.

Saa moja iliyozaa matunda

Jambo hili wamelichunguza hata wataalamu wa saikolojia. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Gregory Walton na Geoffrey Cohen uliofanywa Marekani, katika chuo ambacho wanafunzi weusi walikuwa wachache na wengi wao walijiuliza kama kweli mahali pale ni pao. Watafiti waliwapa baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, weusi na weupe, maelezo mafupi yenye uzoefu wa waliowatangulia. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: mwanzoni karibu kila mtu hujiona mgeni, na hali hiyo hupita kadiri siku zinavyokwenda. Kisha waliombwa waandike kwa maneno yao wenyewe jinsi wanavyoliona jambo hilo, na kulisema mbele ya kamera, ili maneno yao yawasaidie watakaokuja baada yao.

Shughuli yote ilichukua kama saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi weusi walioshiriki zilipanda, na pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu.

Saa hiyo moja haikuwaongezea akili wala fedha. Ilibadilisha namna walivyoyasoma matatizo yao. Aliyepata alama mbaya hakusema tena, "Hapa si pangu." Alisema, "Kumbe hata wao walipita hapa." Kila Mkristo aliyewahi kusikia ushuhuda wa kweli kanisani anaijua nguvu hiyo. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba faraja tunayopewa na Mungu katika dhiki zetu inatuwezesha kuwafariji wengine walio katika dhiki (2 Kor 1:4). Shida uliyoipita mwaka jana si yako peke yako. Imewekwa mikononi mwako kama akiba ya mwenzako.

Siku ya tatu mpe jembe

Tusisahau kwamba katika utafiti ule wageni nao walipewa kazi ya kufanya kwa ajili ya wengine. Wahenga wetu walilijua hilo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia methali hii kumsema mgeni asiyeondoka. Lakini ina upole pia. Aliyepewa jembe si mgeni tena, ni mtu wa shamba.

Barnaba alifanya hivyo hivyo. Kazi ilipokua Antiokia, alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta, wakafundisha pamoja kwa mwaka mzima (Mdo 11:25-26). Ni hapo Antiokia ambapo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Hakumwacha Sauli akae kiti cha nyuma kama mgeni mwalikwa.

Basi, viongozi wa vikundi vya maombi na kwaya za vyuoni, msitosheke na kumsimamisha mgeni ajitambulishe na kumpigia makofi. Mpeni jembe. Apange viti, ashike daftari la mahudhurio, apige kinanda kama anajua. Wiki moja akikosa, kuwe na mtu wa kuuliza alikuwa wapi.

Na yule aliyeanguka je? Barnaba ndiye aliyesimama na Yohana Marko, kijana aliyewaacha wenzake Pamfilia na kurudi nyumbani. Paulo hakutaka kwenda naye tena, wakashindana hadi wakatengana, na Barnaba akamchukua Marko (Mdo 15:37-39). Miaka baadaye Paulo huyo huyo aliagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa (2 Tim 4:11). Kila chuo kina akina Marko: waliopata sapu, walioahirisha mwaka, waliodisko na wanaona haya kurudi kanisani kwa sababu tuliwaaga kwa shangwe. Ni hao hasa wanaohitaji kupigiwa simu.

Tahadhari mbili

Kwanza, nafasi ya kumpokea mgeni haikai wazi muda mrefu. Tukichelewa, wapo watakaomwahi: wa kamari ya mpira kwenye simu, wa mikopo ya riba, na mtu mzima mwenye gari anayejua binti fulani hajala. Nao hupokea kwa ukarimu mwanzoni. Lakini sisi tusipokee kwa ndoano. Kijana akisaidiwa kujisajili, asidaiwe kubadili dhehebu. Na mwenzake wa chumba ambaye ni Mwislamu naye ni mgeni anayehitaji kuonyeshwa njia ya maktaba.

Pili, rafiki si daktari. Mwenzako akiacha kula, akiacha kulala, au akianza kusema kwamba afadhali asingekuwapo, usiibebe siri hiyo peke yako. Nenda naye hadi kwa Mshauri wa Wanafunzi, kwenye huduma ya ushauri nasaha au hospitali. Wale watu wanne wa Marko 2 hawakumponya mwenzao aliyepooza. Walimbeba hadi kwa aliyeweza.

Kazi yetu tuliobaki nyumbani

Washarika na waamini wenzangu, tunalo la kufanya wiki hii. Kila usharika na kila parokia ina orodha ya vijana walioagwa. Karibu na kila jina, liandikwe jina moja la mwanafunzi aliyetangulia katika chuo hicho hicho, na namba yake ya simu. Kundi la WhatsApp halitoshi, kwa maana penye watu mia mbili kila mmoja hudhani mwingine ameshajibu. Kama hatuna mtu huko, mchungaji au padre ampigie mwenzake anayehudumia chuo hicho. Kisha, baada ya mwezi mmoja na nusu, shamrashamra zikiwa zimekwisha na majaribio ya kwanza yamekaribia, tuulize tena.

Wazazi, tumezoea kuuliza kwenye simu, "Umekula?" Tuongeze neno dogo: "Na nani?" Jibu lake litakueleza mengi.

Nawe mwanafunzi wa mwaka wa pili unayesoma ukurasa huu, Mungu aliwaagiza Israeli wampende mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri (Law 19:34). Misri yako ilikuwa mwaka jana tu. Unaikumbuka foleni ya usajili, unaukumbuka usiku wa kwanza. Leo baada ya ibada, kabla hujatoka nje na rafiki zako, tazama kiti cha mwisho karibu na mlango. Kuna mtu ameketi hapo peke yake.